Duka la mitishamba Eastleigh: manjano nitarudia, chupa ya "homoni" siigusi

Kibao cha maana hakuna. Ukishuka matatu ya namba 6 au 9 pale First Avenue, pita uchochoro wa wauza mabuibui, ufuate harufu ya ubani hadi mlango wenye magunia ya viungo nje.

Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, Pumwani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na goti la kulia limechakaa kuliko cherehani yenyewe. Juu ya hilo hedhi inaniaga. Usiku mwili unawaka, nafungua dirisha, mume wangu anavuta blanketi la pili huku akinung'unika. Daktari alishanipima: gegedu la goti limelika, na hilo joto ni homoni zinazoshuka. Presha pia ninayo, naimezea dawa kila asubuhi.

Kilichonipendeza hapa ni swali ambalo mwenye duka aliniuliza kabla hata hajafungua kopo lolote: "Dada, hospitali wamekupa dawa gani?" Nimenunua mizizi na magome Nairobi hii tangu nikiwa msichana, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilipomtajia presha, akaisogeza mbali mizizi ya likorisi niliyokuwa nainusa. Akaniambia hiyo ni tamu mdomoni lakini inapandisha presha. Ni kweli: huufanya mwili uhifadhi chumvi na maji huku ukipoteza potasiamu. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu anatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Alitaka unga wa manjano wa kumeza kwa vijiko akanyimwa. Aliambiwa ile ya kwenye mchuzi inamtosha, na akitaka zaidi aanze kwa daktari wake. Muuzaji wa kukataa hela mkononi!

Mimi nilipimiwa manjano, tangawizi kavu na pilipili manga, mizani ikiwa mbele ya macho yangu. Pilipili haiko hapo kwa ajili ya ladha tu. Manjano peke yake mwili huifyonza kidogo sana, na piperini iliyo kwenye pilipili manga huisaidia kupita. Nachemsha na maziwa jioni. Goti sasa halinipigii kelele asubuhi kama zamani, na ngazi za msikitini napanda bila kushika ukuta. Lakini nafanya pia mazoezi ya misuli ya paja niliyofundishwa hospitalini, kwa hiyo sifa wagawane.

Ubani nao una hadithi. Nilisikia kuwa unatuliza maumivu ya viungo vya mwili, nikataka kununua wa kutosha. Mwenye duka akanionyesha aina mbili za kwao Somalia, beeyo na maydi. Akasema huu ni wa kufukiza na kutafuna, na ule unaosifiwa kwa magoti unatoka mti wa India. Hapo yuko sahihi, kwani utafiti mwingi wa maumivu ya goti ulifanywa kwa ubani wa India, Boswellia serrata. Nilichukua maydi kidogo ya kutafuna nikishona, basi.

Uwatu ndio ulioniangusha. Niliuloweka usiku, nikanywa asubuhi, joto likaendelea na ratiba yake kama kawaida. Kilichobadilika ni jasho, likaanza kunukia bizari. Wateja wanaokuja kupimwa nguo walikuwa wananiuliza nimepika nini. Na wenye sukari wajue kuwa uwatu huishusha, hivyo ukiujumlisha na dawa za hospitali sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Sasa lawama. Duka hilohilo, na uangalifu wake wote, lina chupa za kahawia zisizo na maandishi. Eti "ya homoni", shilingi 1,500, inatibu uvimbe wa kizazi, joto, chunusi na ugumba. Niliuliza ndani mna nini, nikajibiwa ni siri ya nyanya yake. Mimi siri ya nyanya wa mtu siinywi. Dawa ya asili iliyosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ina nambari yake, na mwenye kuuza haoni taabu kukuonyesha.

Sisemi hivi kwa ubishi. Wifi yangu alinunua vidonge vya "mitishamba ya viungo" kwa mchuuzi wa kipaza sauti mjini. Maumivu yalikwisha upesi mno, kisha uso ukavimba na sukari ikapanda. Daktari alishuku vilichanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, na akamwachisha polepole, maana ukiziacha ghafla baada ya kuzizoea mwili unaweza kuzimia. Mambo hayo hayako kwetu tu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu kuhusu vidonge vya Artri King vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo. Ndani zilikutwa diclofenac, dawa ya maumivu, na dexamethasone, ambayo ni steroidi, na lebo haikutaja hata moja. Ndiyo maana dawa ya asili inayotuliza maumivu ya miaka kwa siku mbili mimi huitilia shaka.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Bei ya viungo ni nzuri kuliko za maduka makubwa, M-Pesa wanapokea, risiti mpaka uidai. Ijumaa mchana hufunga kwa swala, kwa hiyo nenda asubuhi, na majina ya dawa zako uwe umeyaandika kwenye karatasi.