Eti mguu wangu mzito

Ningekuwa na moyo wa kusamehe nisingeandika haya. Lakini yule muuzaji alicheka.

Gari lenyewe lilikuwa limetumika kidogo, karatasi zake zikisema lita moja kilomita 20. Muuzaji aliirudia hiyo ishirini mpaka nikaiota. "Hili halili mafuta, linanusa tu." Nikalipa.

Sikuwa na haraka ya kulalamika. Nilijaza tangi mpaka pampu ikajikata yenyewe, nikazungusha kipimo cha safari hadi sifuri, nikaendesha maisha yangu ya kawaida: foleni, matuta, kazini, nyumbani, kiyoyozi kikiwaka kwa sababu mimi ni binadamu. Kilomita 412, kisha nikajaza tena hadi pampu ijikate, zikaingia lita 29.3. Gawanya mwenyewe. Ni 14 na chenji. Dashibodi wakati huo ilikuwa inanionyesha 16.2, kwa hiyo hata gari lilikuwa linajisifia.

Nikamrudia muuzaji na risiti mkononi. Hakuzitazama. Alicheka, tena mbele ya wateja wengine, akasema: "Mzee, gari halina shida. Mguu wako mzito."

Mguu wangu! Nimeendesha zaidi ya miaka ishirini. Basi gari nikampa mke wangu, ambaye huendesha kama amebeba trei la mayai kwenye kiti cha nyuma. Wiki nzima, njia zilezile. Kilomita 398, lita 26.9. Hiyo ni 14.8. Nikampelekea muuzaji na hiyo. Safari hii akasema ni upepo wa matairi. Upepo nilikuwa nimeupima asubuhi ileile.

Ndipo nikaingia kusoma ile 20 ilitoka wapi, na hapo hasira ilinipanda upya. Gari langu lilipimwa kwa utaratibu wa zamani wa Ulaya, NEDC. Haliendi barabarani hata kidogo: linafungwa ndani ya maabara, magurudumu yanazunguka juu ya mapipa ya chuma kwa dakika 20, sawa na kilomita 11 hivi. Kiyoyozi kimezimwa. Wastani wa mwendo kama 34 kwa saa. Na kuna mahali gari linatakiwa kutoka kusimama hadi 50 kwa sekunde 26. Sekunde ishirini na sita! Jaribuni hilo kwenye makutano yenye daladala nyuma yenu, halafu mje mniambie nani ana mguu mzito.

Kusema kweli, waliopima hawakudanganya. Kipimo kile kiliwekwa ili magari yalinganishwe kwa mizani moja, na kwa kazi hiyo kinafaa: gari la 20 kwa kawaida litakula kidogo kuliko gari la 15. Kuanzia 2017 Ulaya walianza kuhamia WLTP, kipimo kirefu na chenye mwendo mkali zaidi. Pengo limepungua, halijaisha. Ripoti ya Kamisheni ya Ulaya ya 2024 ilikuta magari ya petroli na dizeli yakila takriban asilimia 20 zaidi ya karatasi. Yale mseto, yenye injini ya mafuta na betri ya kuchomeka kwenye umeme, yalitoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ilivyoandikwa, maana wenyewe hawayachaji inavyotarajiwa. Jamaa yangu analo. Nilimtumia habari hiyo usiku uleule, na nakiri ilinipa raha fulani.

Kwa hiyo gari linapata nyota ngapi kwangu? Nilikuwa nimeandika mbili. Halafu Jumapili moja nikatoka mapema, barabara nyeupe, mwendo wa 70 hadi 80, madirisha yamefungwa, hakuna breki za ghafla, nikapata 18.3. Siti haichoshi mgongo. Injini kimya. Nikarudi nyumbani nikiimba, nikafuta mbili nikaandika nne.

Nne za gari, lakini. Muuzaji simpi hata nusu. Angeniambia tu, "mzee, hiyo ni namba ya maabara, wewe tarajia 14 au 15," ningenunua vilevile na pengine ningemletea ndugu zangu.

Jana nimejaza tena. 13.7. Mvua ilinyesha wiki nzima na foleni haikusogea. Wekeni tatu.