Kayaki moja kwa bahari, mawimbi na mto: miezi 22 ndani yake

Nianze na mwili wangu kabla ya chombo: urefu sentimita 160, uzito kilo 57, miguu mifupi, nyonga nyembamba. Kayaki yenyewe ina urefu wa mita 3.05, upana wa sentimita 66, na kilo 21 ikiwa tupu. Ni ya plastiki nene, aina ile ya unga unaoyeyushwa ndani ya kalibu inayozungushwa. Nyuma ina chumba kikavu chenye ukuta na kifuniko, na chini ya tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo, kuna pezi linaloshushwa kwa kamba ukiwa umekaa. Inauzwa kama chombo cha maji yote: leo mto wa kasi, kesho bahari, na mawimbi ya ufukweni pia. Nilikuwa na nafasi ya kuweka kayaki moja tu, kwa hiyo niliomba maneno hayo yawe kweli.

Pembeni mwa kiti kuna kibandiko kinachosema inamfaa mtu wa kilo 60 hadi 110. Muuzaji aliniambia kilo tatu si kitu, nitazoea. Hilo si jambo la kuzoea. Mtu akiwa mwepesi, kayaki hubaki juu juu ya maji, ubavu wake wote ukiwa wazi kwa upepo, naye hunyoosha mikono kuvuka kingo pana ili kafi lifike majini. Siku ya kwanza, maji yakiwa yamelala kama kioo, nililaza mwili upande ili chombo kigeuke. Nyonga ziliteleza kitini na kayaki haikutikisika. Magoti yangu hayakufika kwenye vishikio vya mapaja.

Wawindaji wa Greenland, ambao lugha yao ndiyo iliyoleta neno qajaq, walijenga chombo kwa kumpima mwenyewe: urefu kwa pima za mikono yake, upana kwa nyonga na ngumi zake. Kayaki ya dukani hutoka kalibu moja kwa watu wote, na kazi ile ya kupima anaachiwa mnunuzi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yangu ni ya sponji na gundi.

Kiti kwanza. Nilikaa ndani kwenye maji tulivu, rafiki yangu akasimama kando akiangalia mstari wa maji. Tezi ilikuwa imezama kuliko omo, yaani upande wa mbele, kwa hiyo nilifungua skrubu na kusogeza kiti mbele matundu mawili. Kisha nikakiinua kwa sponji ngumu ya sentimita 2.5, ile isiyonyonya maji. Usizidishe hapo, kwa sababu kila sentimita unayopanda inapunguza utulivu. Nyonga zilihitaji sentimita 4 kila upande. Nilikata kwa kisu cha meno, nikalainisha kwa msasa, nikakaa, nikatoka, nikakata tena. Vishikio vya mapaja nilivijaza kwa chini mpaka paja lenyewe likavigusa bila mimi kuinua goti. Egemeo refu la mgongo lilikuwa likizuia sketi ya maji, ile nguo ya kiunoni inayofunika tundu la kukalia maji yasiingie, kukaa vizuri nyuma, nikaling'oa na kuweka mkanda wa kiunoni.

Vikanyagio ndivyo vilivyoniudhi zaidi. Kayaki ilikuja na vile vidogo vinavyoteleza kwenye reli, vya kukanyagwa kwa mpira wa unyayo. Baharini havina ubaya. Mtoni, kayaki ikigonga jiwe kwa pua, mguu unaweza kupita kikanyagio na kunaswa nyuma yake. Chombo kinachonadiwa kuwa cha maji ya kasi hakikustahili kutoka kiwandani hivyo. Niliweka bamba zima la kukanyagia lenye sponji nene mbele yake, na kipande kingine chini ya visigino.

Kuhusu gundi: plastiki hii haipendi gundi, kwa hiyo bandika sponji kwenye kiti na kwenye sponji nyingine kila inapowezekana, usitegemee ukuta wa kayaki. Kwaruza kwa msasa, futa kwa spiriti, paka pande zote mbili, acha ikauke, paka tena, kisha subiri mpaka ukigusa kidole hakinati. Ukishagusanisha hakuna kurekebisha. Fanya kazi hiyo nje, penye hewa.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye bwawa na kupinduka makusudi, rafiki akiwa amesimama majini kando yangu. Kamba ya sketi niliipata mara moja, maana huwa nahakikisha iko nje, mbele ya kifua. Sketi ikatoka. Paja la kulia halikutoka. Ilikuwa sekunde mbili au tatu tu, kisha nikajisukuma na kuibuka, lakini jioni hiyohiyo nilipunguza sponji ya upande huo sentimita nzima. Nataka tuwe kama chanda na pete mimi na chombo hiki, na pete lazima ivuke kifundo. Mara ya pili nilitoka kama ninavyotoka kitandani. Mara ya kumi na moja, wiki mbili baadaye, sikutoka kabisa: nilipiga kafi, nikatikisa nyonga, na kayaki ikainuka nami ndani yake. Kwa kile kiti cha awali nisingeweza.

Sasa maji yenyewe. Mtoni nimeipenda kwa moyo wote. Miteremko ninayopita ni ya daraja la II na la III, katika kipimo kinachoanzia I hadi VI, na humo kayaki hii ina hekima. Omo yake imeinuka, kwa hiyo inapanda juu ya wimbi badala ya kulichoma. Urefu unaipa mwendo wa kuvuka mkondo kutoka jiwe hadi jiwe. Ukiingia kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, laza chombo upande wa ndani wa mzunguko, nacho kinazunguka kwa utii. Nguzo ya sponji katikati, ile inayozuia sitaha isibonyee juu ya miguu chombo kikibanwa, ilikuja imara. Itikise kabla ya kununua, kwenye kayaki yoyote. Mishiko ya chuma ni minne na inapitisha karabina, ile pete ya chuma ya kufungia kamba, bila shida. Nyuma ninaweka kamba ya kurushia, dawa na nguo kavu. Mbele, ambako hakuna ukuta, nimejaza mfuko wa hewa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kayaki iliyojaa maji mtoni ni jiwe linalotembea. Helmeti na jaketi la kuokolea sivivui hata nikiwa nakagua njia kwa miguu. Kafi la sentimita 197 linanitosha. Kwa mito mikali zaidi singeipeleka; ni ndefu, na ikianguka kutoka juu inachelewa kuinua omo.

Ufukweni inafanya kazi, ila haichezi. Wimbi la kufika kiunoni inalipanda vizuri, tumbo lake bapa linateleza na moyo unafurahi. Wimbi likifika kichwani na kusimama wima, omo inazama na tezi inapita juu yako. Kingo zake ni za mviringo, hazing'ati uso wa wimbi kama zile kali za kayaki zilizotengenezwa kwa mawimbi tu, ambazo pia zina mapezi chini. Mara nyingi nimeishia kusukumwa kiubavu hadi nchi kavu, nimeegemea upande wa wimbi, viwiko vikiwa chini na karibu na mwili ili bega lisichomoke. Siingii penye waogeleaji hata mawimbi yakiwa mazuri kiasi gani, kwa sababu kilo 21 zikiletwa na wimbi hazina breki. Jambo dogo linalosumbua ni changarawe kuingia kwenye nyumba ya pezi wakati wa kushusha chombo, na pezi likagoma kushuka. Nimetoboa tundu kwenye ncha yake na kufunga kijikamba. Mwenzangu anakivuta tukiwa tunaelea.

Bahari ndiyo iliyonipa majibu magumu. Tulifuata pwani kilomita 9, mwenzangu akiwa na kayaki ya mita 5.2 yenye upana wa sentimita 54. Yeye alipiga kafi na kupumzika, mimi nilipiga bila kupumzika. Chombo kirefu chembamba kinapasua maji, changu kinayasukuma. Upepo wa ubavuni ulipoanza, omo yangu ilikuwa ikigeukia joshini, yaani upepo unakotoka, kila nikiacha kupiga upande mmoja, mpaka niliposhusha pezi. Pezi limetengenezwa vizuri, na lilishushwa nusu tu njia ikanyooka. Siku hizi napakia farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo: mifuko ya maji ya kilo 10, nusu mbele na nusu nyuma, imefungwa isihame. Kayaki inakaa chini, haiendi mrama, na upepo unapata sehemu ndogo ya kushika.

Kilichobaki hakirekebishiki kwa farumi. Ukuta wa ndani ni mmoja tu. Nilijaribu karibu na ufuko: nikapinduka, nikatoka, nikapanda tena kwa msaada wa boya linalovishwa kwenye ncha ya kafi, kisha nikafua maji kwa pampu ya mkono. Dakika nane, kwenye bahari tulivu, mfuko wa hewa ukiwa mbele. Kayaki halisi ya bahari ina kuta mbili au tatu, na ina kamba kuzunguka sitaha yote za kushika ukiwa majini. Kamba hizo nilizifunga mwenyewe, nikatoboa na kuziba kila tundu kwa washa ya mpira. Ukuta wa pili siwezi kuutengeneza.

Kwa hiyo naitumia baharini kwa safari fupi, karibu na ufuko, upepo ukiwa mdogo au ukivuma kuelekea nchi kavu. Mwenye kilo 75 au 80 atakaa vizuri kuliko mimi na hatahitaji farumi. Ambaye moyo wake uko baharini anunue ya mita 5 na aachane na hii. Ambaye moyo wake uko mtoni, na bahari ni ya kutembelea tu, naipendekeza bila kusita, mradi atenge siku za sponji kabla ya siku za maji.

Sponji ya nyonga ya kushoto imeanza kubanduka kwenye kona. Jumamosi tunashuka mto, kwa hiyo leo ni msasa na gundi.