TAHADHARI: Yule mzee wa vyombo vya Kijapani sokoni Jumapili ni tapeli

Jamani, msinunue hata kisahani kwa yule mzee wa meza ya kona, mwenye glavu nyeupe. Kanichomoa dola 340 kwa chombo cha maua kisicho na ukale wowote. Naandika haya huku mikono inatetemeka kwa hasira.

Mzee alikitoa kwenye sanduku taratibu, kama anayembeba mtoto mchanga. Mawaridi, ukingo wa dhahabu, nakshi zilizotuna hadi unazihisi kidoleni. Akawasha tochi ya simu, akamulika ndani, mwanga ukapenya hadi nje. "Unaona? Kaure halisi." Kisha akakipindua, kidole gumba kikiwa juu ya muhuri, nikaona shada la majani ya kijani na neno NIPPON.

Nikaamini, na yeyote kati yenu angeamini, maana maelezo yake yalikuwa ya kweli. Alinieleza kwamba sheria ya ushuru ya Marekani, ilipoanza kutumika mwaka 1891, iliagiza bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na Wajapani wakaandika Nippon, jina la nchi yao kwa Kijapani. Mwaka 1921 forodha ikakataa neno hilo, ikataka Japan. "Basi hiki ni cha kati ya miaka hiyo." Nimehakikisha baadaye, na miaka hiyo ni sahihi! Hicho ndicho kinachonichoma: kachukua historia ya kweli, kaipachika kwenye chombo cha uongo. Si mtu aliyedanganywa naye akauza bila kujua. Huyu anajua kila kitu.

Shemeji ndiye aliyekigeuza tulipofika nyumbani. Katikati ya shada, palepale palipofunikwa na kidole, pana umbo la saa ya mchanga. Kwenye vyombo halisi vya muhuri ule pana herufi M, ya Morimura, wafanyabiashara wa Kijapani waliokuwa na duka New York. Saa ya mchanga ni ya waigaji. Nilimrudia nikiwa na risiti mkononi, akanitazama usoni akasema hanijui. Mbele za watu!

Sasa mtazame nini? Hiyo M kwanza. Halafu dhahabu: yangu inang'aa sawasawa kila mahali, hata ukingoni ambako mikono ya miaka mia ingekuwa imeshaisugua. Na ni kizito mno. Tochi isiwapumbaze, mwanga unaonyesha ni kaure tu, ya mwaka jana nayo inapitisha. Ana pia bakuli analoliita kaure ya Satsuma. Satsuma wanayoijua wakusanyaji ni udongo wa rangi ya maziwa wenye nyufa ndogondogo, si kaure. Akikataa kuondoa kidole kwenye kitako, ondokeni.

Mtu huyu afukuzwe sokoni na ashtakiwe, arudishe hela za kila aliyemwibia. Wenye soko wanachukua kodi ya meza yake kila wiki, kwa hiyo nao wajibu. Malalamiko nimeshawapelekea, na polisi nimekwenda. Kama aliwauzia chochote, pigeni picha ya kitako mnitumie leo, tupeleke kesi moja yenye uzito. Muhuri wa changu nimeuweka hapo chini, ukuzeni muone ile saa ya mchanga.