Mahasimu wawili ndani ya jalada moja: Philoponus na Simplicius

Kitabu ninachokitathmini hapa kilitoka mwaka 1991, katika mfululizo wa tafsiri za wafafanuzi wa kale wa Aristotle ulioanzishwa na kusimamiwa na Richard Sorabji wa King's College London. Jina lake la Kiingereza ni refu, kwa sababu ndani ya jalada hilo mna maandishi mawili: Corollaries on Place and Void, yaani sehemu mbili, juu ya mahali na juu ya ombwe, za sharhi (kitabu cha ufafanuzi) ya John Philoponus juu ya Fizikia ya Aristotle, zilizofasiriwa na David Furley, na Against Philoponus on the Eternity of the World, kurasa chache za Simplicius zilizofasiriwa na Christian Wildberg. Ni kitabu chembamba. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ya risasi ikiwa mkononi, na nimekuja kuamini kwamba mwalimu yeyote wa fizikia anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake jinsi elimu ya maumbile ilivyojengwa kwa mabishano hatapata mlango mzuri zaidi ya huu.

Waandishi hawa wawili walikuwa na mwalimu mmoja, Ammonius mwana wa Hermias, aliyefundisha Alexandria, mji wa Misri uliokuwa ukisoma na kuandika kwa Kigiriki. Philoponus alikuwa Mkristo. Sharhi yake ya Fizikia ina tarehe ndani yake, mwaka 517, na mwaka 529 aliandika kitabu kikubwa cha kumpinga Proclus aliyedai kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Mwaka huo huo wa 529 Kaisari Justinian alipiga marufuku mafundisho ya falsafa ya wasio Wakristo mjini Athens, na Simplicius, mzaliwa wa Kilikia, ni mmoja wa wanafalsafa waliohama wakaenda kutafuta hifadhi kwa Khosrow, mfalme wa Uajemi, kabla ya mkataba wa amani wa mwaka 532 kuwaruhusu kurudi. Msomaji akiyajua hayo ataelewa ukali ulio katika kalamu ya Simplicius. Alikuwa akiandika akiwa mtu wa dini ya kale iliyokuwa ikizimwa, na mbele yake kulikuwa na Mkristo aliyesoma darasa lile lile, akimgeuzia Aristotle hoja zake mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ya Philoponus inauliza swali ambalo mtoto anaweza kuliuliza: mahali ni nini? Aristotle alijibu kwamba mahali pa kitu ni ule mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka. Maji yakiwa mtungini, mahali pake ni uso wa ndani wa mtungi unaoyagusa. Philoponus haridhiki. Uso, asema, una urefu na upana tu, hauna kina. Sasa utapokeaje kitu chenye urefu, upana na kina? Tena, maji yakimwagwa na hewa ikaingia, kuna kiasi fulani kilichobaki vile vile wakati vitu viwili vikipokezana, na kiasi hicho si ngozi ya mtungi. Ndiyo nafasi yenyewe, yenye pande tatu, ambayo kwa asili yake haina kitu ndani, ingawa kwa kweli haipatikani hata dakika moja bila kitu cha kuijaza. Nimelisoma fungu hilo nikiwa na mtungi wa maji mezani, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nimetumia neno "nafasi" darasani kwa maana ya Philoponus bila kujua kwamba iliwahi kupiganiwa.

Hata hivyo, kurasa zinazostahili bei ya kitabu kizima ni zile za ombwe, yaani nafasi isiyo na kitu chochote ndani yake. Aristotle alikuwa ameshikilia kwamba ombwe haliwezi kuwapo, na moja ya sababu zake ni hii: kitu huenda kwa kasi zaidi kadiri kile kinachokipitisha, hewa au maji, kinavyokuwa chepesi, basi pasipo kitu chochote cha kukipinga, mwendo ungemalizika bila kuchukua muda, jambo lisilowezekana. Philoponus anaikata hoja hiyo kwenye mzizi. Mwendo, asema, unahitaji muda kwa sababu ni mwendo, yaani ni kutoka hapa kwenda pale; maji au hewa huongeza muda mwingine juu ya ule wa kwanza. Ukiondoa hewa, umeondoa nyongeza tu. Anatoa mfano wa mbingu zinazozunguka: hazipasui hewa wala maji, lakini zinachukua muda kuzunguka. Nilipowaeleza wanafunzi wangu jambo hili niliwaambia wamfikirie mtu anayetoka nyumbani kwenda kisimani wakati wa masika. Tope humchelewesha, lakini tope likikauka hafiki kisimani kabla hajaondoka.

Kisha linakuja fungu mashuhuri. Aristotle alifundisha kwamba uzito ukizidi mara kadhaa, muda wa kuanguka hupungua kwa uwiano ule ule. Philoponus anajibu kwamba jambo hilo ni la uongo kabisa, na kwamba ushahidi wa macho unaonyesha uongo huo kuliko hoja yoyote: ukiangusha kutoka kimo kimoja vitu viwili, kimoja kikiwa kizito mara nyingi kuliko kingine, utaona kwamba uwiano wa muda haufuati uwiano wa uzito, bali tofauti ya muda ni ndogo sana, na kama kimoja ni kizito mara mbili tu ya kingine, tofauti haitakuwapo au haitaonekana. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka 1000 kabla ya Galileo.

Tulijaribu. Niliazima mawe mawili ya mizani kwa mwenye duka jirani na shule, la kilo 1 na la kilo 5, tukayaachia pamoja kutoka ghorofani, kama meta 4 juu ya lundo la mchanga. Kwa kimo hicho jiwe hufika chini kwa muda usiotimia sekunde moja. Kama Aristotle angekuwa sahihi, jiwe dogo lingebaki hewani karibu sekunde nne na nusu, muda ambao mtu anaweza kuhesabu kwa sauti bila haraka. Nilianza kuhesabu, na kabla sijamaliza kutamka "moja" tulisikia mshindo mmoja tu mchangani. Darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja aliuliza kwa nini watu walimwamini Aristotle muda wote huo ikiwa jaribio lenyewe ni rahisi hivi, na swali hilo lilituchukua kipindi kizima cha siku iliyofuata.

Hapa nina jambo la kuwaonya wanunuzi. Utasikia ikisemwa kwamba Philoponus aligundua kanuni ya Galileo, kwamba pasipo hewa vitu vyote huanguka kwa kasi moja, vizito kwa vyepesi. Soma kurasa zenyewe, utaona sivyo. Bado anaamini kwamba uzito ni sababu ya mwendo wa kwenda chini, na kwamba hata ndani ya ombwe kitu kizito zaidi kingeenda kwa kasi zaidi. Alichokivunja ni uwiano wa Aristotle, na alichokileta ni ujasiri wa kumtaka msomaji aangalie kwa macho yake. Mimi naona hilo ni kubwa vya kutosha, na halihitaji kuongezewa chumvi. Wala usitafute humu hoja yake nyingine iliyo maarufu, ile ya kitu kilichorushwa, ambamo anakataa kwamba hewa ndiyo inayosukuma mshale baada ya kuacha upinde na kusema kwamba mrushaji hutia nguvu ndani ya mshale wenyewe. Hoja hiyo imo katika ufafanuzi wake wa kawaida wa kitabu cha nne cha Fizikia, ambao katika mfululizo huu umepewa juzuu yake.

Sehemu ya Simplicius ni fupi na ngumu zaidi. Philoponus alikuwa amechukua kanuni ya Aristotle mwenyewe, kwamba mwili wenye kikomo hauwezi kuwa na nguvu isiyo na kikomo, akaiendesha mpaka mwisho: ulimwengu ni mwili wenye kikomo, basi nguvu yake ina kikomo, basi kwa asili yake unaweza kuharibika. Simplicius anajibu kwamba mbingu hazihitaji kuwa na nguvu yote isiyo na kikomo kwa mara moja. Zinaipokea kidogo kidogo, bila kukoma, kutoka kwa kisogezaji kisichosogezwa, yaani kile chanzo cha mwendo wote ambacho chenyewe hakisogezwi na kitu. Jibu lina akili, na Wildberg amelifasiri kwa uangalifu bila kuupunguza ukali wake. Hata hivyo, kilichonigusa ni kitu kingine. Ili aweze kumjibu hasimu wake, Simplicius anamnukuu, na kitabu cha Philoponus kilichonukuliwa hakikufika kwetu kwa Kigiriki kwa njia nyingine. Mtu aliyetaka kuyazima maneno hayo ndiye aliyeyahifadhi. Simplicius alikuwa na desturi hiyo tangu zamani: sehemu kubwa ya shairi la Parmenides, mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, tuliyo nayo leo ipo kwa sababu aliinakili katika sharhi yake, akieleza kwamba kitabu chenyewe kilikuwa kimeadimika.

Atakayependa mabishano haya na anunue pia juzuu ya mwaka 1987 iliyouanza mfululizo, ambamo Wildberg amekusanya mabaki ya kitabu cha Philoponus dhidi ya Aristotle, mengi yakiwa yametoka kwa huyo huyo Simplicius. Humo mna hesabu ambayo bado inanisisimua. Kama ulimwengu hauna mwanzo, Zohali imekwisha kuzunguka mara zisizo na idadi. Lakini Zohali huchukua takriban miaka 30 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo Mshtarii atakuwa amezunguka karibu mara tatu ya hizo, Jua mara 30, na Mwezi mara 360. Vipi basi kisicho na kikomo kizidishwe mara 360? Wanahisabati wa leo wana jibu, lakini swali liliulizwa kwa usafi mkubwa, na wanazuoni wa Kiislamu, al-Kindi na baadaye al-Ghazali, walitumia hoja za jamii hiyo hiyo.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kumfikia mtu huyu. Kwa Kigiriki Philoponus aliitwa Mwanasarufi, na Waarabu wakamwita Yahya an-Nahwi. Hiyo "nahw" ndiyo iliyotupa neno letu nahau. Mwanafalsafa wa Kiislamu al-Farabi aliandika kumpinga. Ibn Bajja wa Andalusia alitoa hoja inayofanana na yake juu ya mwendo ndani ya ombwe, na kupitia kwa Ibn Rushd hoja hiyo ikawafikia wasomi wa Kilatini. Pia kuna hadithi kwamba Yahya alikuwa hai Waislamu walipoiteka Alexandria mwaka 642 na akazungumza na kamanda wao, Amr ibn al-As. Haiwezi kuwa kweli, kwa kuwa alikwisha kufa miongo mingi kabla. Mwaka 680 mtaguso wa Constantinople ulimlaani kwa mafundisho yake juu ya Utatu, akiwa kaburini.

Sasa kitabu chenyewe kama kitabu. Pambizoni mna namba za kurasa na mistari ya toleo la Kigiriki lililochapishwa Berlin kati ya 1882 na 1909, kwa hiyo anayejua Kigiriki hupata fungu analolitaka mara moja. Kuna utangulizi kwa kila mwandishi, na mwishoni kuna sherehe ya istilahi za Kiingereza na Kigiriki. Natumia neno sherehe kwa makusudi: waliosoma tenzi zetu zilizohaririwa wamezoea kuiona nyuma ya kitabu, na asili yake ni hiyo hiyo sharhi tunayoizungumzia. Kwa aliyesoma chuoni matini pamoja na sharhi yake, mpangilio mzima hautakuwa mgeni.

Mapungufu yapo. Tanbihi zimewekwa nyuma badala ya kuwa chini ya ukurasa, na katika maandishi ambayo kila mstari una deni kwa mstari wa Aristotle, kufunua mbele na nyuma kunachosha. Matini ya Aristotle haimo, kwa hiyo lazima uwe na kitabu cha nne na cha nane cha Fizikia pembeni, vinginevyo Simplicius atakupotea kabisa. Na bei ni nzito kwa mshahara wa mwalimu; mimi nilingoja hadi nikapata nakala ya jalada laini iliyokwisha kutumika, na sijutii. Maktaba za vyuo vikuu vyetu zenye idara za falsafa na fizikia zingefanya vyema kununua angalau juzuu hizi mbili, kwa sababu mfululizo mzima umepita juzuu 100 na hakuna mtu binafsi atakayeumaliza.

Ukikipata, usianzie mwanzo. Fungua kwanza sehemu ya ombwe, usome mpaka kwenye fungu la mizigo miwili, ulijaribu, ndipo urudi kwenye mahali. Simplicius muweke mwisho, siku ambayo una saa mbili na nyumba imetulia.