Adapta ya hedifoni kwa tunaosikiliza FLAC: kagua shingo ya waya kwanza, mengine baadaye

Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, hedifoni masikioni, nasikiliza dansi za zamani kutoka kwenye CD za marehemu baba ambazo mimi na kaka yangu tulizihamisha zote kuwa FLAC, yani faili za muziki zisizopoteza kitu, kwa draivu ya kuazima, kazi ya usiku mwingi, mara sikio la kushoto likawa kimya. Nikakigusa kiwaya cha adapta, ile inayounganisha hedifoni na tundu la taip C la simu, sauti ikarudi. Nikakiachia, ikakata. Adapta ya shilingi 70,000, haijafikisha hata miezi miwili, na sikuwahi kuivuta wala kuilalia. Fundi alivyoipima akaniambia dada, waya umekatikia ndani, palepale unapoingia kwenye kichwa cha taip C, na kichwa chenyewe kimemiminiwa plastiki, nikikifungua nakivunja.

Niliweka status WhatsApp kulalamika, nikadhani ni bahati yangu mbaya, kumbe. Mmoja yake iliisha wiki tatu, mwingine ni ya tatu sasa anabadilisha, shoga yangu wa Tanga kaifunga na selotepu na anasikiliza huku kaishikilia kwa vidole. Wote ni sehemu ileile. Ndo maana naandika hii, maana kila mwongozo unaousoma wanakuhesabia chipu na biti 32 na kilohezi 768, hakuna hata mmoja anayekuambia angalia shingo ya waya.

Hizo namba, yani vipimo vya jinsi sauti ilivyorekodiwa, sitawachosha nazo. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1 basi, na FLAC uliyoitoa kwenye CD ni hiyohiyo, imebanwa tu ikachukua nafasi kama nusu au zaidi kidogo, ukiifungua unapata kila kitu kilivyokuwa. Hata adapta inayoishia biti 24 na kilohezi 48 inaibeba bila shida. Kwa sauti, adapta nyingi za kampuni zinazojulikana zimeshavuka kiwango ambacho sikio langu mimi linaweza kulalamikia. Kinachokufa ni waya.

Ila kabla hujatoa hela, geuza simu yako uangalie chini na juu. Kama bado ina tundu la hedifoni usinunue kitu, weka memori kadi, pakua programu ya kusikilizia, VLC au foobar2000, bure, sikiliza. Simu nyingi za bei ya kawaida za Tecno na Infinix bado zina tundu, wanaohangaika ni wenye simu za hela nyingi, na hili linaniuma kweli, Apple walianza kulitoa 2016 kwenye iPhone 7, Samsung wakafuata kwenye simu zao kubwa, halafu sisi ndo tunauziwa adapta kurudishiwa kitu tulichokuwa nacho.

Na usiniambie tumia Bluetooth. CD inapita na kilobiti 1,411 kwa sekunde, LDAC, njia ya Bluetooth ya kubana sauti ambayo ndo inasifiwa, inaishia 990, hiyo ya kawaida SBC ni karibu 328. Yani umehangaika kutunza faili lisilopunguzwa halafu unalipunguza hewani. Kwa simu za kuongea sawa, kwa muziki wa baba yangu hapana.

Haya, mpangilio wangu. Nasema wazi kabisa mimi ni mtu wa FiiO, wale Wachina wa Guangzhou walioanza 2007, sijalipwa na mtu, nawapenda tu kwa sababu kwenye vifaa vyao vingi waya unachomoka.

Namba moja ni FiiO KA13. Ina matundu mawili, la milimita 3.5 tuliyoizoea na la 4.4 la hedifoni zenye plagi nene, ina vitufe vya sauti ubavuni, lakini sababu yangu ni moja tu: yenyewe ni kijiboksi chenye tundu la taip C, na waya ni kipande pembeni, taip C kwa taip C. Waya ukifa unanunua mwingine. Umeelewa ninachosema? Kitu cha dola 70 hakifi kwa sababu ya kipande cha waya cha shilingi elfu chache. Mimi ninayo, na waya uliokuja nao nimeuweka kabatini, natumia mwingine laini zaidi. Kuwa makini hapo tu, waya uwe unapitisha data, zipo waya za chaji tupu, ukichomeka kijiboksi kinapata umeme ila simu haikioni kabisa, watu wanadhani kimekufa wanakitupa. Jaribu waya hiyohiyo kuhamisha picha kutoka simu kwenda laptop, ikihamisha inafaa. Ukikutana na KA3, kaka yake wa 2021, nayo waya unachomoka ila haina vitufe vya sauti, ukipewa kwa bei nzuri chukua.

Namba mbili Moondrop Dawn Pro. Waya unachomoka, matundu mawili, vitufe vipo, bei karibu dola 50, yani ni nafuu kuliko ninayoipenda mimi na sauti yake mtu asikudanganye, iko vizuri. Ningekuwa sina upendeleo labda ingekaa juu. Ila upendeleo ninao.

Namba tatu FiiO KA11, na hapa roho inaniuma maana ni ya kwao. Ni ndogo kama kidole cha mtoto, ina nguvu za kutosha hata kwa hedifoni zinazohitaji nguvu nyingi, karibu dola 30 tu. Lakini waya haubanduki. Nimeipa tatu kwa masharti: ni ya kukaa nayo mezani au kitandani, sio ya daladala, na usiiache imechomekwa kwenye simu iliyo mfukoni. Mfuko ndo unaua. Ukikaa, simu inalala, hedifoni inavuta chini, shingo inakunjwa kwenye pembe moja, leo kidogo kesho kidogo, mpaka nyuzi za ndani zinakatika moja moja huku mpira wa nje uko mzima kabisa unang'aa. Ndo maana sikio moja linatangulia.

Namba nne ile nyeupe ya Apple. Kule Marekani ni dola 9, na kwa sauti ni maajabu kwa bei hiyo, kwa mwenye iPhone 15 kwenda mbele ambaye anatulia nyumbani sina ugomvi nayo. Ila kwa waya ule mwembamba kama tambi sipandi nayo gari. Na kwa wenzangu wa Android kuna jambo la kuongeza, kwenye simu nyingi sauti yake inatoka ndogo hata ukipandisha mpaka mwisho, kwa sababu simu haiipandishi ile sauti ya ndani ya adapta yenyewe. Dawa yake ni programu ya USB Audio Player PRO, ya kulipia, inaongea na adapta moja kwa moja. Programu hiyohiyo inazuia pia ile tabia ya Android ya kugeuza kilohezi 44.1 kuwa 48 bila kukuuliza. Na wa iPhone, programu ya Apple Music haiingizi FLAC zako, weka kwenye VLC au foobar2000, au zigeuze ALAC, ndugu wa FLAC wa Apple, hakuna kinachopotea.

Zile fupi zisizo na waya kabisa, kichwa na tundu vimeshikana kama kijiti, naziweka mwisho wa wote. Utaniuliza si hazina shingo ya kukatika? Ndio, kwa hiyo kinachopokea mkunjo ni tundu la chaji la simu yako. Sasa bora nini kife.

Za shilingi 5,000 mpaka 15,000: nyingi hazina DAC ndani, yani kile kichipu kinachogeuza namba za faili kuwa sauti, ni waya tupu. Simu za Samsung zisizo na tundu hazitoi sauti kwa waya tupu hata ufanyeje. Ichomeke kwenye laptop, ikitokea kama kifaa cha sauti ina chipu, isipotokea rudisha.

Kama hutaki habari za adapta kabisa, kuna plea ndogo, Snowsky Echo Mini ya FiiO haohao, ina sura ya redio kaseti ya kutembea nayo, unaweka memori kadi unachomeka hedifoni moja kwa moja. Dola 50 na kitu. Naitamani, ila mimi nabeba pochi ndogo na simu tayari inaijaza.

Dukani fanya hivi. Chomeka kwenye simu YAKO, weka wimbo unaoujua, halafu shika kichwa cha taip C kwa mkono mmoja na mwingine ukunje waya taratibu pande zote nne huku unasikiliza. Ikikwaruza au sikio moja likififia weka chini. Angalia pia kama pale shingoni pana ule mpira wenye mikunjo mikunjo, pakiwa pamekatwa wima tu, waya unaingia kwenye chuma, hiyo haifiki mbali.

Shida ni kwamba muuzaji hataki ujaribu. Jumamosi nilikuwa Kariakoo kumtafutia shoga yangu wa Tanga, duka la kwanza ananiambia anti hii orijino ya Apple, 45,000. Nikasema sawa, nifungulie nichomeke kwenye laptop, ninayo hapa. Akasema boksi likifunguliwa umenunua. Nikamuuliza na isipofanya kazi? Akanionesha kwa kidole risiti ya mteja aliyenitangulia, maandishi ya chini, mali ikishauzwa hairudishwi. Duka la pili hivyohivyo, la tatu wananiambia wanaijaribu wao kwa simu yao yenye tundu. Hivi jamani, mtu unatoa elfu 45 ya jasho lako kwa kitu cha dola 9 na huruhusiwi hata kukisikia? Duka la nne kijana mmoja alinifungulia bila maneno, akasubiri nikunje waya pande zote nne, sauti haikutikisika, ilikuwa Dawn Pro. Nimelipa pale na ya Tanga inapanda basi kesho asubuhi.