Misheni ya Bagamoyo: mnarani au kanisani?

Wageni wengi wakishuka kwenye basi pale Misheni hukimbilia mnara wa zamani. Siwalaumu. Ndiko mwili wa mpelelezi David Livingstone ulikolazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kwa miezi kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofia, kabla haujavushwa kwenda Unguja na hatimaye London. Waongoza watalii hueleza vizuri, ila hapo utasimama, utasikiliza, utapiga picha, kisha kundi lingine linakuja nyuma yako.

Kanisa kubwa lililo jirani, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, ni jambo jingine kabisa. Nilikaa benchi la nyuma siku ya kazi, saa nne asubuhi. Mama mmoja aliyejitanda khanga alikuwa akifagia taratibu kati ya mabenchi. Akafika kwangu, akainua ufagio, akaninong'oneza, "Kaa tu, mwanangu." Nilikaa karibu saa nzima.

Mwenye nusu saa tu aende mnarani. Mimi ningechagua kanisa, tena mapema, mabasi ya Dar hayajafika. Jumapili ni ya waumini. Ukienda, nenda kusali.