Difu ya boliti kumi ya Camaro na Firebird: inavumilia nini, inavunjikia wapi

Chukua Camaro Z28 ya 1998. Injini yake ya LS1 inatoa torki ya Nm 454 kwa mujibu wa kitabu. Gia ya kwanza ya boksi la mkono, T56, ni 2.66, na uwiano wa difu ni 3.42. Ukizidisha unapata zaidi ya Nm 4,100, na zote zinapita kwenye kraunweli, ile gia kubwa ya duara ndani ya difu, yenye kipenyo cha inchi 7.625. Familia hii ya difu General Motors waliianzisha miaka ya 1970 kwenye magari madogo, kisha wakaifunga kwenye kila Camaro na Firebird ya 1982 hadi 2002, isipokuwa chache za katikati zilizopewa difu ya Borg-Warner yenye boliti tisa kutoka Australia.

Kwanza ijue unayonunua, maana jina "boliti kumi", yaani boliti za mfuniko wa nyuma, linachanganya watu. Camaro za miaka ya 1970 zilikuwa na boliti kumi ya inchi 8.5, na Buick Grand National ya 1986 na 1987 nayo ilikuwa nayo. Hiyo ni difu nyingine kabisa, nzito na imara. Tunayoizungumzia hapa ni ile ndogo, inchi 7.5 mwanzoni na 7.625 baadaye. Za mwanzo zina hafshafti za splaini 26 (mifereji ya kwenye ncha). Za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zina splaini 28. Ukipewa bure ya splaini 26, waachie.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye pinioni, gia ndogo inayozungusha kraunweli. Difu ya 2.73 ina meno 41 kwenye kraunweli na 15 kwenye pinioni. Ya 3.42 ni 41 kwa 12, ya 3.73 ni 41 kwa 11, ya 4.10 ni 41 kwa 10. Kraunweli haibadiliki upana, kwa hiyo kila ukitafuta mchomoko zaidi unapunguza kichwa cha pinioni, na meno machache ndiyo yanabeba mzigo wote. Ndiyo maana 4.10 kwenye difu hii yenye gia za mkono ni pesa ya kutupa. 3.73 ndio ukomo wa busara, na 3.42 ya kiwandani si mbaya hata kidogo.

Udhaifu wa pili ni nyumba yenyewe. Mabomba mawili yamesukumwa ndani ya chuma cha kumwaga cha katikati na kushikwa kwa welding za vitundu. Mshtuko ukiwa mkubwa, bomba hujizungusha kidogo ndani ya chuma hicho. Kofia za beringi nazo hupanuka, kraunweli inasogea mbali na pinioni, na meno yanagusana kwenye ncha tu. Hapo husikii onyo. Unasikia mlio mmoja wa kuvunjika. Mfuniko mnene wa aluminiamu wenye boliti za kukaza kofia za beringi unasaidia kiasi, lakini hauongezi hata milimita moja ya jino.

Kinachoiua hasa si nguvu ya injini. Ni tairi. Difu hii ikiwa na matairi ya kawaida ya barabarani na gia za otomatiki inaweza kuzeeka na gari, kwa sababu tairi huteleza kabla meno hayajazidiwa. Weka matairi laini ya mashindano, panda mizunguko 5,000, achia klachi ghafla: sasa tairi halitelezi, na nishati yote ya flaiwili inatafuta mahali pa kutokea. Kibaya zaidi ni tairi linapodundadunda wakati wa kuondoka, likishika na kuachia mara nyingi kwa sekunde moja. Kila dundo ni nyundo kwenye pinioni. Tiba yake haimo ndani ya difu: badilisha bushi za mikono ya chini, weka mabano ya kushusha ncha ya nyuma ya mikono hiyo, na kagua bushi ya ule mkono mrefu unaotoka kwenye difu hadi mkiani mwa gia boksi. Bushi hiyo ikiisha, difu inajipinda utakavyo usitake.

Kuhusu LSD, yaani difu inayozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, msimbo wa kiwanda ni G80, na kwa magari ya 1993 hadi 2002 utauona kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Zile zinazobana kwa koni za msuguano zikiisha zimeisha, hazifufuliwi kwa kubadilisha klachi. Za 1999 hadi 2002 ni Torsen, inayofanya kazi kwa gia pekee bila koni wala klachi: tamu sana kwenye kona, haichakai kwa urahisi, ila haipendi mishtuko ya kuondoka kwa nguvu. Kipimo cha kuinua magurudumu yote mawili na kuzungusha moja kinafaa kwa za koni na za klachi (yakizunguka upande mmoja, bado ina uhai). Kwa Torsen kinaweza kukudanganya.

Ukiifungua, anza na boliti ndogo inayofunga pini ya katikati. Inapenda kukatikia ndani, kwa hiyo tumia spana ya boksi inayokaa sawasawa, na wakati wa kurudisha weka mpya yenye gundi ya nyuzi. Chomoa pini, sukuma hafshafti ndani, toa klipu ya C inayoizuia isitoke, kisha vuta. Tazama sehemu inayokaa beringi: rola zinazunguka moja kwa moja juu ya hafshafti, hakuna ringi ya ndani. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, hafshafti hiyo imekwisha, na sili mpya itavuja ndani ya wiki. Boliti za kraunweli zina nyuzi za kushoto. Wasiojua hilo wamezikata nyingi.

Wakati wa kufunga upya, nafasi kati ya meno iwe milimita 0.13 hadi 0.23. Beringi mpya za pinioni ziwe na ukinzani wa Nm 1.7 hadi 3.4 ukizungusha kwa mkono wa spana ya torki. Ukipitiliza nati ya pinioni, usiilegeze urudi nyuma: bomba laini linalobonyea limeshabonyea, weka jingine. Ukitaka 3.23 na kuendelea kwenye gari lililokuja na 3.08 au chini, keria (kizimba kinachobeba kraunweli) nayo inabadilika. Oili ni 80W-90 ya GL-5, kama lita 1.7, pamoja na dawa ya LSD kwa za koni na klachi. Gia mpya ziendeshwe taratibu dakika 15 hadi 20, zipoe kabisa, na oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita 800.

Kuhusu hafshafti za aloi, LSD mpya na mfuniko mnene vyote pamoja ndani ya nyumba hii ndogo: hapana. Bili inakaribia difu nzima ya boliti 12 yenye kraunweli ya inchi 8.875, au S60 ya kampuni ya Strange yenye inchi 9.75, na bado unabaki na pinioni ileile. Pia klipu ya C inabaki, na hafshafti ikikatika, gurudumu linatoka na kipande chake. Breki za diski hulizuia kidogo, za ngoma hazizuii chochote. Kabla ya kuagiza difu kubwa, taja mwaka wa gari, maana za 1993 kuendelea ni pana kuliko za 1982 hadi 1992, taja kama una ABS, na uulize saizi ya krosi jointi ya propela, la sivyo utakuwa na difu mpya sakafuni na propela isiyoingia.